Kompyuta ya DOS Haiwasiliani: Utatuzi wa Matatizo ya Modemu, Poti ya Siriali na Programu za Mawasiliano

Mwongozo huu unahusu kompyuta za jamii ya IBM PC zilizotengenezwa kuanzia 1981 hadi katikati ya miaka ya 1990, zinazoendeshwa na DOS (mfumo wa uendeshaji wa kuandika amri), pamoja na programu zilizoziunganisha na ulimwengu wa nje, kama vile Kermit, Procomm na Telix. Mashine hizi bado zinahitajika. Ziko maabara zinakoendesha vifaa ambavyo programu zake hazikuwahi kuandikwa upya, ziko kwenye stoo za ofisi zikiwa na kumbukumbu zisizopatikana kwingine, na ziko mikononi mwa wapenzi wa kompyuta za zamani wanaozifufua. Anayetaka kutoa mafaili ndani yake mara nyingi hugundua kwamba diski laini hazisomeki tena na mashine haina tundu la USB, hivyo njia inayobaki ni poti ya siriali, yaani tundu linalotuma data biti moja baada ya nyingine.

Malalamiko yanayojirudia karibu yote huanza kwa kuilaumu programu. Lawama hiyo mara nyingi si ya haki. Programu hizi ziliandikwa kwa uangalifu mkubwa na watu waliojua laini mbovu ni nini, na zinapokwama, chanzo kwa kawaida ni waya, ni mpangilio wa kasi na pariti (biti ya kukagua makosa), au ni vifaa viwili vinavyogombania kitu kimoja ndani ya kasha. Kila dalili hapa chini inaanza na sababu inayotokea mara nyingi zaidi. Badilisha kitu kimoja, jaribu, andika matokeo, ndipo uende kwenye kingine. Anayebadilisha kebo, kasi na programu kwa mkupuo hatajua kipi kilichotatua tatizo, na likirudi ataanza upya.

Kabla ya kugusa waya

Poti ya siriali ya kompyuta hizi hutuma ishara za takriban volti 12 chanya na 12 hasi. Vibao vidogo vya kisasa vinavyouzwa kwa ajili ya kuunganisha USB na saketi za kielektroniki hufanya kazi kwa volti 3.3 au 5, na ukiviunganisha moja kwa moja na poti hii vinaweza kuungua papo hapo. Tumia adapta ya USB iliyokamilika yenye plagi ya pini 9, au weka katikati chipu ya kubadilisha volti kama MAX232.

Zima mashine zote mbili kabla ya kuunganisha kebo. Jambo hili ni zito zaidi katika nyumba na ofisi ambazo soketi zake hazina waya wa ardhi, au ambako plagi ya pini tatu imechomekwa kwenye adapta ya pini mbili. Kasha la kompyuta isiyo na ardhi huweza kubeba karibu nusu ya volti za umeme wa ukutani, na ndiyo maana ukiligusa kwa mgongo wa kidole unahisi kama linakukwaruza. Mkondo wake ni mdogo, lakini unatosha kuua chipu za poti pale kebo inapogusa. Ukihisi hali hiyo, acha kazi umwite fundi umeme akague ardhi ya jengo kwanza.

Usifungue pawasaplai wala monita ya kioo. Kapasita zake hushika umeme wa kuua hata baada ya plagi kuchomolewa, na kazi hiyo ni ya fundi peke yake.

Unaandika AT, na modemu haijibu kitu

Modemu ni kifaa kinachopitisha data ya kompyuta kwenye laini ya simu. Amri zake zinazoanza na AT zilitokana na modemu ya Hayes Smartmodem ya 1981, na karibu kila modemu iliyofuata iliziiga. Modemu iliyo hai, ukiandika AT na kubonyeza Enter, hujibu OK. Ikinyamaza, sababu ya kwanza ni kwamba programu inazungumza na poti ambayo si yake. Ingia kwenye menyu ya mipangilio ujaribu COM1 (jina la poti ya kwanza ya siriali), kisha COM2, kisha zinazobaki.

Sababu ya pili ni kebo. Kompyuta na modemu huunganishwa kwa kebo iliyonyooka, yaani pini ya 2 kwenda ya 2 na ya 3 kwenda ya 3 kwa plagi zinazofanana. Kompyuta mbili, kwa upande wake, huhitaji kebo yenye nyaya zilizopishana, ambamo kinachotumwa upande mmoja kinaingia kwenye pini ya kupokea ya upande wa pili. Kebo hizi mbili kwa macho hazitofautiani hata kidogo, na zimepoteza saa nyingi za watu. Zipime kwa maltimita kisha uzibandike karatasi yenye maelezo. Angalia pia tundu lenyewe: kwenye kompyuta hizi tundu la pini 25 lenye matundu ya kike ni la printa, ilhali la siriali lina pini zinazochomoza.

Modemu ya nje inakusaidia kwa taa zake. Taa ya TR inapaswa kuwaka programu inapofungua poti, na taa ya SD kumeta kila unapobonyeza herufi. TR isipowaka, tatizo liko upande wa kompyuta au kebo. SD ikimeta na jibu lisionekane, huenda modemu imeamriwa kukaa kimya; andika AT&F ili irudi kwenye mipangilio ya kiwandani, halafu ATE1Q0V1 ili ionyeshe unachoandika na ijibu kwa maneno. Modemu iliyowekewa V0 hujibu kwa tarakimu, na 0 tupu kwenye skrini ndiyo OK yake.

Ikiwa bado kimya, ipime poti bila modemu. Chomoa kebo, unganisha pini ya 2 na ya 3 kwa kipande kidogo cha waya, zima udhibiti wa mtiririko (ishara za kusimamisha na kuendeleza data) pamoja na mwangwi wa ndani (programu kujionyeshea yenyewe unachoandika), kisha andika. Herufi zikirudi kwenye skrini, poti ni nzima na ugomvi uko nje yake. Zisiporudi, iulize mashine inaziona poti ngapi: endesha DEBUG, programu ndogo ya DOS ya uchunguzi, andika d 40:0 l 8, na usome jibu. Safu ya F8 03 F8 02 00 00 00 00 ina maana kwamba BIOS (programu ya ndani inayoiwasha mashine) imeiona COM1 kwenye anwani 3F8h na COM2 kwenye 2F8h, na haikuona nyingine. Andika q kutoka. Mashine nyingi za zamani hazitafuti COM3 wala COM4 zinapowaka, kwa hiyo kukosekana kwake hapo si ushahidi wa ubovu. Kukosekana kwa COM1 ni ushahidi, na hapo kagua jampa (vifungo vidogo vya kuunganisha pini) za kadi au mpangilio wa BIOS kabla ya kuipeleka kadi kwa fundi.

Modemu inajibu OK, lakini haipigi au haishikani na upande wa pili

Jibu la NO DIALTONE mara nyingi husababishwa na waya wa simu uliochomekwa kwenye tundu la PHONE badala ya LINE. Kama waya uko sawa, chomeka simu ya kawaida usikilize kama laini iko hai. Iwapo iko hai lakini modemu haiitambui, fahamu kwamba modemu nyingi zilitengenezwa kwa kusikiliza mlio wa Marekani, na mlio wa nchi nyingine huweza kuwa tofauti; ATX3 huiamuru ipige bila kuusubiri. Kwenye switchibodi ya zamani isiyopokea sauti za vitufe, tumia ATDP mahali pa ATDT. Kwenye laini ya ofisini inayohitaji 9 kwanza, weka mkato baada yake, kwa mfano ATDT9, kisha namba, kwa kuwa mkato mmoja ni kusubiri kama sekunde 2.

Tahadhari: usichomeke modemu ya kawaida kwenye tundu la simu ya kidijitali ya switchibodi ya ofisi. Tundu linafanana, lakini umeme wake unaweza kuiunguza. Muulize kwanza anayesimamia switchibodi. Laini ya kawaida ya simu nayo ina takriban volti 48, na kengele inapolia hupanda hadi kufikia takriban 90, kwa hiyo usishike nyaya zilizo wazi. Msimu wa mvua na radi, chomoa waya wa simu ukutani kila umalizapo kazi, kwa sababu modemu nyingi ziliuawa kupitia laini ya simu wakati umeme wa ukutani ulikuwa umezimwa.

Jibu la NO CARRIER baada ya modemu mbili kuzomeana kwa muda ni suala la kushindwa kukubaliana. Ongeza muda wa kusubiri kwa ATS7=90, kisha shusha kasi. Laini nyingi za leo hupitia intaneti, na pale sauti inapobanwa njiani modemu ya kasi haiwezi kufanya kazi kabisa. Kasi ya 2400 au 1200 huweza kupita mahali ambapo 14400 imekataa. Muunganisho unaokatika katikati ya kazi sababu yake ya kawaida ni mtu kunyanyua simu ya chumba kingine, au mlio wa simu ya pili inayosubiri. Kwa mlio huo, ATS10=50 huiambia modemu ivumilie sekunde 5 za ukimya kabla ya kukata.

Herufi zinafika, lakini hazisomeki

Hapa dalili yenyewe inakutajia sababu, mradi uitazame kwa makini. Kama skrini yote imejaa takataka na hakuna hata neno moja linalotambulika, kasi za pande mbili hazilingani. Shuka hatua kwa hatua: 9600, 4800, 2400, 1200, 300.

Kama nusu ya herufi ni sahihi na nusu ni alama za ajabu, kasi ni sawa na tatizo ni pariti. Tuseme upande wa pili umetuma neno «Habari» na kwenye skrini yako limetokea «HßΓßri». Upande wa pili unatumia biti 7 na pariti shufwa, yaani unaongeza biti ya nane ili idadi ya moja katika kila herufi iwe shufwa. Upande wako unadhani biti ya nane ni sehemu ya herufi. Herufi H ina moja mbili, r na i zina nne kila moja, kwa hiyo biti ya ziada ni sifuri nazo zinapita salama. Herufi a na b zina moja tatu kila moja, zinaongezewa biti ya nane, na DOS inazichora kama ß na Γ. Ukiona maandishi ya Kiswahili ambayo kila a imegeuka ß, huhitaji kubahatisha tena. Weka programu kwenye 7E1, au katika Kermit andika set parity even. Kompyuta kubwa za vyuo na huduma za kulipia kama CompuServe zilitumia mpangilio huu, ilhali vituo vya wapenzi wa kompyuta vilivyopigiwa kwa modemu, kuanzia kile cha kwanza kilichofunguliwa Chicago mwaka 1978, kwa kawaida vilitumia 8N1, yaani biti 8 bila pariti.

Takataka zinazotokea mara moja moja, hasa herufi { na ~ zinazojipenyeza wakati hakuna anayeandika, ni kelele za laini. Badilisha waya wa simu, ondoa virefusho, na uombe modemu yenye kusahihisha makosa kama unaweza kuipata.

Kuna dalili ndogo zinazotatuliwa kwa kubofya mara moja. Kila herufi ikitokea mara mbili, «hhaabbaarrii», zima mwangwi wa ndani katika programu. Isipoonekana kabisa, uwashe. Mistari ikishuka kama ngazi au ikiandikana juu ya mwenzake, rekebisha kipengele cha kuongeza mstari mpya. Ukiona vipande kama [2J au [1;37m katikati ya maandishi, chagua terminali ya aina ya ANSI au VT100.

Herufi zinapotea kasi inapopanda

Tatizo hili linasumbua kuliko yote na ndilo linaloeleweka vibaya zaidi. Kwa kasi ya 9600, herufi moja huingia takriban kila sehemu moja ya elfu ya sekunde. Chipu ya 8250 ya IBM PC ya kwanza, na 16450 iliyokuja na mashine za AT, ina nafasi ya kuhifadhi herufi moja tu iliyokwisha kufika. Prosesa isipoichukua kabla ya inayofuata kukamilika, ya kwanza inafutwa na mtumaji haarifiwi. Chipu ya 16550A ina foleni ya herufi 16, na kwa kasi ya 115200, ambayo ndiyo ya juu kabisa kwa poti hizi, foleni hiyo inaipa prosesa muda mrefu kuliko ambao 8250 inaipa kwa 9600.

Anza na udhibiti wa mtiririko. Washa RTS/CTS (udhibiti unaotumia nyaya zake maalumu) kwenye programu na kwenye modemu (kwa modemu nyingi ni AT&K3), na uhakikishe kebo ina nyaya za pini 7 na 8 kwa plagi ya pini 9, kwa kuwa kebo nyingi za kujitengenezea zina nyaya tatu tu. Zima XON/XOFF, ambayo hutumia herufi mbili za kawaida kama amri za kusimama na kuendelea. Modemu inayobana data inahitaji kasi ya poti ifungwe juu ya kasi ya laini, mathalani 38400 kwa modemu ya 14400. Programu ikiruhusiwa kubadilisha kasi ya poti kila inapoona neno CONNECT, utapata takataka mara tu baada ya kuunganishwa.

Hatua inayofuata ni kuwasha mashine ikiwa tupu. Kuanzia DOS 6, bonyeza F5 wakati wa kuwaka ili programu za kukaa kumbukumbuni zisipakiwe. Tatizo likitoweka, mhusika ni mmoja wao, na EMM386, programu ya kusimamia kumbukumbu, ndiye wa kushukiwa kwanza. Likibaki, endesha MSD, programu ya kukagua mashine iliyokuja na DOS 6 na Windows 3.1, ikuonyeshe aina ya chipu. Ikiwa ni 8250 au 16450, shusha kasi hadi 9600, au badilisha chipu. Iliyokaa kwenye soketi ya miguu 40 hutoka kwa uangalifu na 16550A inaingia mahali pake bila mabadiliko mengine. Iliyolehemiwa moja kwa moja kwenye kadi mwachie fundi mwenye pampu ya kufyonza risasi, au nunua kadi nyingine; njia za shaba kwenye kadi hizi hubanduka kwa joto, na kadi ikishabanduka haina thamani.

Ukisogeza kipanya, modemu inakufa au kompyuta inaganda

IRQ ni laini ambayo kifaa hutumia kuiita prosesa. COM1 na COM3 zinatumia IRQ 4, COM2 na COM4 zinatumia IRQ 3, na basi ya ISA (njia ya pamoja ya matundu ya kadi) haiwezi kugawana IRQ moja kati ya kadi mbili zinazofanya kazi kwa pamoja. Kipanya kikiwa COM1 na modemu COM3, kila kimoja kinafanya kazi vizuri kikiwa peke yake, na ndiyo maana watu hawakishuku. Hamishia modemu COM2, baada ya kuizima COM2 ya ubao kwa jampa au kwenye BIOS. Kama kadi inaruhusu, IRQ 5 au 7 inafaa pia, ila lazima uiarifu programu. Epuka COM4 kwenye mashine yenye kadi ya video ya chipu za S3, kwa sababu anwani yake ya 2E8h inagongana na ya kadi hizo.

Faili haliendi, linakwama, au linafika limeharibika

Likikataa kuanza, hakikisha pande zote mbili zimeamriwa: katika XMODEM, moja ya kanuni za kuhamisha mafaili, mpokeaji ndiye anayetoa ishara ya kuanza, na mtumaji husubiri kimya mpaka aisikie. XMODEM pia inadai biti 8 bila pariti, hivyo kwenye 7E1 haiendi kamwe. Tumia Kermit, iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1981 ikikusudiwa kupita kwenye laini za biti 7. Kwa maoni yangu ndiyo ya kuchagua kwanza kwa mtu anayeokoa data, kwani inavumilia karibu kila kitu. Ikionekana nzito, andika set receive packet-length 1000, maana kwa kawaida hutumia pakiti fupi za herufi 94. Weka set file type binary pande zote mbili ili mafaili yasibadilishwe miisho ya mistari.

ZMODEM ya 1986, kanuni nyingine ya kuhamisha mafaili, ina sifa moja kubwa: muunganisho ukikatika, huendelea pale ilipoishia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mashirika ya Nairobi yalipokuwa yakibadilishana barua za FidoNet (mtandao wa vituo vilivyopigiana kwa modemu) na London kwa simu za kimataifa, sifa hiyo ilikuwa na maana ya fedha halisi. Lakini ZMODEM hutiririsha bila kungoja jibu, na kwenye mashine yenye 8250 makosa hutokea kila diski inapoandika. Ukiona makosa yanalingana na kuwaka kwa taa ya diski, rudi kwenye Kermit.

Faili lililozidi kidogo ukubwa wa asili halijaharibika. XMODEM hutuma vipande vya baiti 128 na kukijaza kile cha mwisho. Ila diski ikianza kugonga au kusaga wakati wa kuhamisha, zima mashine mara moja na uipeleke kwa mtaalamu wa kuokoa data, kwa kuwa kila jaribio jipya linaweza kufuta kilichobaki.

Mtandao wa kebo ya koaksia umesimama wote

Mtandao huu unaanguka kwa pamoja kwa sababu kompyuta zote zinategemea kebo moja. Zima mashine, chomoa kiungo chenye umbo la T kutoka kwenye kadi moja, kisha pima kati ya pini ya katikati na ganda lake. Om 25 ni salama, kwani vizuizi viwili vya om 50 vya mwisho wa kebo vinaonekana kwa pamoja. Om 50 inamaanisha kizuizi kimoja kimetoka au kebo imekatika. Karibu na sifuri ni shoti. Gawanya kebo katikati, upime kila nusu, na uendelee hivyo mpaka ukifikie kipande kibovu. Kebo isizidi mita 185.

Ikiwa ni mashine moja tu isiyoonekana, kadi za mtandao za NE2000 mara nyingi hutoka kiwandani zikiwa kwenye IRQ 3, ambayo ni ya COM2. Ihamishie IRQ 10, ubadilishe namba hiyo pia kwenye mstari unaopakia draiva ya kadi, kisha uwashe mashine upya.